Bloku ya Injini: Chuma Kinachotangazwa Kufa Kabla ya Kupimwa

Mwaka jana gari langu lilichemka kwenye Barabara ya Waiyaki, nikiwa nimetoka Westlands na kukwama katika msongamano wa jioni wa kuelekea Kikuyu. Fundi wa kwanza aliyelitazama alitoa hukumu akiwa bado amesimama: bloku imekufa, tafuta injini nyingine. Hakuwa amefungua hata bolti moja. Fundi wa pili, mzee wa gereji moja ya Kariobangi, aliondoa hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, akapangusa ukuta wa silinda kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba polepole kutoka juu kwenda chini. Alinikabidhi tochi, akaniambia, "Angalia mwenyewe, kijana wangu." Kwenye ukuta ule wa chuma ilionekana mistari myembamba iliyopishana kama msuko wa ukili, ile ile iliyochorwa kiwandani, na hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja wa kunasa ukucha.

Hukumu kama ile ya fundi wa kwanza hutolewa kila siku katika jiji hili, na mwenye gari akiisikia hukata tamaa papo hapo, kwa kuwa kubadilisha bloku ni sawa na kubadilisha injini yenyewe. Lakini bloku haifi kwa kutazamwa. Ni chuma kilichochongwa kwa vipimo, na uzima wake au ubovu wake hujulikana kwa vipimo tu.

Ukiinua boneti ya gari la siku hizi huenda usiione kabisa, kwa sababu imefunikwa na plastiki, mabomba na nyaya. Bloku ni lile bonge la chuma lililo katikati, ambalo kila kitu kingine kimefungwa kwalo: hedi yenye valvu na plagi iko juu yake, sampu ya oili iko chini, gia boksi iko kwa nyuma, na ubavuni zimeshikizwa pampu ya maji, alternata na mauntini zinazoikalisha injini ndani ya gari. Ndani yake mna mashimo makubwa ya mviringo, yaani silinda, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Chini ya silinda hizo kuna vikalio vya beringi, ambamo hulala na kuzunguka krenkishafti, yaani mhimili unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Kisha, ndani ya unene wa chuma chenyewe, mna njia zisizoonekana: mifereji membamba inayopeleka oili kwenye beringi, na vyumba vipana vinavyozungushia silinda maji ya kupoza. Kipande kimoja cha chuma ndicho mifupa ya injini na mishipa yake kwa wakati mmoja.

Nguvu zinazopita katika mifupa hiyo si ndogo. Chukua injini ya Toyota ya 1NZ-FE yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, ambayo imo katika maelfu ya Probox na Fielder zinazopita barabarani Nairobi. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 75, kwa hiyo uso wa pistoni una eneo la karibu sentimita 44 za mraba. Katika injini ya petroli inayovuta mzigo, shinikizo la gesi wakati wa mlipuko linaweza kufika baa 60 hivi, yaani karibu mara sitini ya shinikizo la hewa ya kawaida. Piga hesabu, utaona kwamba kila mlipuko huisukuma pistoni moja chini kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 2.7, ambao ni zaidi ya uzito wa magari mawili ya aina ya Vitz. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo hilo hutokea mara 25 kwa sekunde katika kila silinda.

Nguvu hiyo haisukumi chini peke yake. Gesi inayoibana pistoni huibana hedi pia, ikitaka kuing'oa kutoka mahali pake, na kinachoizuia ni bolti ndefu zilizokazwa ndani ya bloku. Huku chini, krenkishafti nayo husukumwa itoke nje, na kinachoishikilia ni kofia za beringi zilizofungwa kwenye bloku hiyo hiyo. Kwa hiyo bloku huvutwa juu na chini mara mia moja kwa sekunde katika injini ya silinda nne, na wajibu wake ni kutopinda. Mashimo ya beringi yakikosa kuwa katika mstari mmoja, hata kwa sehemu ndogo sana ya milimita, krenkishafti huanza kuzila beringi zake. Ndiyo maana kiwandani kofia za beringi hufungwa kwanza, kisha mashimo yote huchongwa kwa mkupuo mmoja kofia zikiwa mahali pake. Kofia ya pili ikirudishwa mahali pa kofia ya nne, shimo haliwi tena duara kamili. Nimewahi kuona kofia hizo zikitupwa ndani ya karai moja pamoja na nati na skrubu, na ningemwomba kila mwenye gari anayesimama karibu wakati injini inafunguliwa ahakikishe kwamba zimepangwa kwa namba na kwa mishale iliyochorwa juu yake.

Bloku hutengenezwa kwa chuma cha kusubu au kwa aloi ya alumini, na tofauti ya viwili hivi hueleza mambo mengi yanayotokea gereji. Chuma cha kusubu ni kizito: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa zaidi ya gramu 7, ilhali alumini ina gramu 2.7 tu. Hata hivyo ndani ya chuma hicho mna vipande vidogo vidogo vya grafiti vilivyotawanyika kama majani ya chai, navyo hunyonya mtetemo na kuusaidia ukuta wa silinda kustahimili msuguano. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu shinikizo ndani ya injini ya dizeli ni kubwa zaidi, chuma cha kusubu kimebaki kuwa cha kawaida katika injini za dizeli za malori na matatu. Alumini kwa upande wake ni nyepesi na hupitisha joto haraka, lakini huyeyuka ikifika nyuzijoto 660 hivi za selsiasi, na inapopashwa hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Mafundi wa jua kali wanaosubu sufuria kutokana na vyuma chakavu wanaijua tofauti hiyo kwa mikono yao: tanuri la makaa huiyeyusha alumini, ilhali chuma cha kusubu, kinachohitaji takriban nyuzijoto 1,200, hubaki kimekaa vile vile.

Alumini ya kawaida haiwezi kustahimili ringi za pistoni, zile pete zinazoizunguka pistoni, zikiisugua usiku na mchana, kwa hiyo bloku nyingi za alumini huwekewa slivu, yaani mirija ya chuma cha kusubu, ndani ya silinda. Injini ya 1NZ-FE ni ya namna hiyo. Slivu zake ni nyembamba, zimeshikamanishwa na alumini wakati wa kusubu, na kiwanda hakikukusudia zipanuliwe. Katika injini nyingi za dizeli za malori mambo ni tofauti: slivu hutolewa na kuingizwa nyingine, na bloku ile ile hufanya kazi kwa miaka mingi.

Jinsi bloku inavyosubiwa inastahili maelezo yake, kwa kuwa ndiko kulikotoka jina moja linalopotosha sana. Vile vyumba vya maji vilivyo ndani ya chuma haviwezi kutobolewa kwa keekee, maana vina kona na mizunguko. Njia inayotumika kwa bloku za chuma ni kutengeneza umbo la vyumba hivyo kwa mchanga uliogandishwa, kulipachika ndani ya kalibu, kisha kumimina chuma kilichoyeyuka pande zote. Chuma kikishapoa, mchanga huvunjwavunjwa na kukung'utwa nje kupitia matundu yaliyoachwa ubavuni. Matundu hayo ndiyo yanayozibwa kwa visahani vya duara vya bati, vyenye ukubwa unaokaribia ule wa sarafu kubwa. Katika nchi za baridi kali watu waliona kwamba maji yakiganda ndani ya injini mara nyingine visahani hivyo husukumwa nje, wakaviita vizibo vya barafu, na jina hilo likaenea. Dereva wa Nairobi akilisikia hudhani havimhusu. Vinamhusu kuliko anavyofikiri, kwa kuwa ndivyo sehemu nyembamba kuliko zote katika ukuta wa vyumba vya maji, na kutu ikianza kula ndani, mara nyingi hivyo ndivyo vinavyotoboka mwanzo.

Katika magari ya mwanzoni silinda zilisubiwa moja moja au mbili mbili, kisha zikafungwa kwa bolti juu ya sanduku la krenkishafti. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na silinda nne ndani ya bloku moja na hedi inayotoka, na mwaka 1932 kampuni hiyo hiyo ikatoa injini ya silinda nane ambayo bloku yake yote ilisubiwa kwa mkupuo mmoja. Tangu hapo sura ya bloku haijabadilika sana.

Kilichobaki ni joto, na hapa ndipo Nairobi inapoingia kwa namna ambayo vitabu vya magari havielezi. Gesi inayoungua ndani ya silinda hupita nyuzijoto 2,000, joto la kuyeyusha bloku ya chuma na ya alumini pia. Hakiyeyuki kitu kwa sababu kila mlipuko ni wa muda mfupi mno, na kwa sababu upande wa pili wa ukuta wa silinda, milimita chache tu kutoka kwenye moto huo, maji yanapita. Takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta huchukuliwa na maji hayo na kupelekwa kwenye rejeta. Themostati huanza kuyafungulia njia yanapofika kati ya nyuzijoto 82 na 88 katika magari mengi, na injini iliyo nzima huendelea kufanya kazi karibu na nyuzijoto 90.

Sasa zingatia mahali tulipo. Katikati ya jiji la Nairobi kuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yaliyo ndani ya sufuria iliyo wazi huchemka yakifika nyuzijoto 94, si 100 kama Mombasa. Barabara inayopanda kwenda Limuru hupita mita 2,000, na huko yanachemka mapema zaidi. Hii ina maana kwamba kati ya joto la kawaida la injini na kuchemka kwa maji pana nyuzijoto nne au tano tu. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho kina springi inayozuia mvuke hadi shinikizo la ndani lizidi lile la nje kwa baa 0.9 au 1.1, kutegemea gari, na chini ya shinikizo la baa 0.9 maji ya Nairobi hayachemki hadi yafike nyuzijoto 115 hivi. Springi ikichoka, au mpira wake ukipasuka, tunarudi kwenye 94. Mwenye gari haoni tundu wala tone, na feni inazunguka, lakini akikaa kwenye foleni dakika ishirini akiwa amewasha kiyoyozi, maji yanachemka ndani ya bloku. Palipo na povu la mvuke hapana maji, na pasipo na maji chuma hupanda joto kwa kasi. Gari langu lilichemka kwa sababu hiyo hasa.

Kwa sababu hiyo hiyo kufungua kifuniko wakati injini ingali moto ni hatari kubwa. Maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzijoto 105 hujikuta ghafla katika shinikizo ambalo kikomo chake ni 94, yakalipuka kuwa mvuke usoni pa aliyefungua. Na anayefanikiwa kufungua bila kuungua, kisha akamimina maji baridi ya chupa ndani ya bloku iliyopata moto kupita kiasi, anaupoza upande mmoja wa chuma huku upande wa pili ukiwa bado umetanuka. Chuma cha kusubu hakipendi kuvutwa hivyo. Kuna nyufa ambazo kuchemka hulaumiwa kwazo, kumbe zilifanywa na chupa ya maji iliyofuata. Zima injini, inua boneti, subiri nusu saa au zaidi.

Jina la pili linalopotosha ni lile la kulanti, kile kioevu cha kuchanganywa na maji ya rejeta, kuitwa dawa ya kuzuia maji kuganda. Watu husema, na kwa haki, kwamba Nairobi maji hayagandi barabarani, basi maji ya bomba yanatosha. Lakini kazi kubwa ya kulanti kwetu ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu yanayogusa alumini ya hedi na chuma cha slivu kwa pamoja huzifanya metali hizo mbili kuwa kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya vyumba vya maji, kama ule unaouona ndani ya birika la nyumbani, na ukoko huo huzuia joto lisitoke kwenye silinda. Siku ile Kariobangi, yule mzee aling'oa kimoja cha vile vizibo vya bati. Kwa nje kilikuwa na rangi ya injini, safi. Upande wa ndani ulikuwa umemomonyoka hadi ungeweza kuupenyeza kwa bisibisi, na matope mekundu yaliyotoka nyuma yake yalifanana kabisa na udongo wa Kikuyu wakati wa mvua.

Dalili zinazowafanya watu waseme bloku imekufa mara nyingi ni dalili za kitu kingine. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta urojo kama chai ya maziwa, ukiona moshi mweupe usiokoma ukitoka kwenye ekzosi, au maji ya rejeta yakitoa mapovu injini ikinguruma, umeonyeshwa kwamba maji yanapenya mahali yasipotakiwa. Njia ya kupenya inaweza kuwa gasketi ya hedi (utando wa kuziba kati ya hedi na bloku) iliyoungua, hedi iliyopinda, hedi iliyopasuka, au bloku iliyopasuka. Nimezitaja kwa mpangilio wa wepesi wa kutokea. Hedi ya alumini iliyobanwa kwa bolti ikipata moto kupita kiasi hutaka kutanuka, haina pa kwenda, basi hupinda. Bloku iliyo chini yake mara nyingi hubaki kama ilivyokuwa. Na pale watu wanaposema injini imenoki, kwa kawaida kilichokwisha ni beringi za konirodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti) au za krenkishafti yenyewe baada ya oili kupungua, jambo ambalo huenda limeigusa bloku au halijaigusa kabisa.

Kupima ndiko kunakoamua. Uso wa juu wa bloku huwekewa rula ya chuma iliyonyooka barabara, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na fundi hujaribu kupitisha chini yake bamba jembamba la fila geji. Katika injini nyingi ndogo za petroli bamba la milimita 0.05 halipaswi kupita. Silinda hupimwa kwa geji yake katika vimo vitatu, na katika kila kimo kwa pande mbili zinazokatana. Vipimo hivyo sita vina sababu. Silinda huchakaa zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka, kwa kuwa hapo moto ni mkali na oili ni chache, kwa hiyo shimo huanza kuwa kama faneli. Tena, kwa kuwa konirodi husukuma ikiwa imeinama, pistoni huegemea ukuta mmoja zaidi, na shimo huelekea kuwa umbo la yai. Ukucha wa yule mzee ulikuwa unatafuta ukingo unaojitokeza juu ya silinda iliyochakaa. Hakuukuta, lakini hakuridhika na ukucha. Alileta geji na kuandika namba kwa chaki sakafuni. Silinda zote nne zilikuwa ndani ya kipimo. Hedi ndiyo iliyokuwa imepinda.

Ufa unaoshukiwa hutafutwa kwa kuziba njia zote za vyumba vya maji, kuingiza hewa yenye shinikizo, na kuizamisha bloku majini au kuipaka sabuni ili mapovu yaonyeshe. Kwa chuma cha kusubu kuna pia njia ya sumaku na unga wa chuma, ambao hujipanga juu ya ufa usioonekana kwa jicho. Alumini haishiki sumaku, kwa hiyo hupakwa rangi maalumu inayopenya.

Bloku iliyochakaa bila kupasuka hutibika. Ya chuma cha kusubu hupanuliwa silinda zake na kuwekewa pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25, 0.50 au hata 1.00, mradi kiwanda kimetoa saizi hizo na ukuta una unene wa kutosha. Baada ya kupanua lazima ukuta uchorwe tena ile mistari inayopishana, kwa sababu ndiyo inayohifadhi utando wa oili. Ukuta unaong'aa kama kioo hupendeza macho lakini huacha ringi zikisugua pakavu. Bloku ya alumini yenye slivu nyembamba ni ngumu zaidi: slivu ya zamani huchongwa yote na kuingizwa mpya, kazi inayohitaji mashine nzuri na mkono uliozoea, na gharama yake inapaswa kulinganishwa kwa uaminifu na bei ya injini iliyotumika kutoka Japani.

Kuna bloku ambazo haziokoleki. Wakati wa mafuriko ya Nairobi ya Aprili 2024 magari mengi yaliingia majini, na injini ikivuta maji kupitia kichujio cha hewa huku inanguruma, pistoni hukutana na kitu kisichobanika. Konirodi hupinda au kukatika, na kipande chake kikitupwa hutoboa ubavu wa bloku tundu la kuingiza ngumi. Hapo fundi anaposema tafuta nyingine, anasema kweli.

Anayefika hapo, akaenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, au kwingineko kununua injini, anapaswa kukumbuka kwamba namba ya injini imepigwa mhuri kwenye bloku yenyewe. Ndiyo namba iliyoandikwa katika logibuku. Hedi ikibadilishwa, pistoni zote zikibadilishwa, krenkishafti ikibadilishwa, kwa kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, injini ni ile ile. Bloku ikibadilishwa, ni injini nyingine, na mabadiliko hayo lazima yaandikishwe. Isome namba hiyo mwenyewe kabla ya kulipa, kwa tochi na brashi ya waya, ukaangalie kama uso wake umesagwa au herufi zimepigwa upya, na udai karatasi za muuzaji zenye namba iyo hiyo.